Habari za Kesi kwa Aliyedhulumiwa

 Twapenda kusema nanyi, wazee wetu, walimu na viongozi wa vijiji vya Songwe, juu ya mtu aliyeibiwa au kupigwa, akapeleka habari polisi, kisha akakaa nyumbani akingojea jibu lisilokuja.

Kwanza yafaa ajue kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Yeye ni shahidi. Kwa hiyo siku hupangwa na kuahirishwa bila yeye kuulizwa. Lakini shahidi asipoonekana, kesi yaweza kufutwa, na mshtakiwa akarudi kijijini.

Basi aulize wapi? Akiripoti hupewa namba ya RB: aitunze kama hati ya shamba. Upelelezi ungali ukiendelea, amwulize mpelelezi. Jalada likipelekwa kwa waendesha mashtaka wa Serikali, aulize huko. Mshtakiwa akiisha kusomewa mashtaka, amwendee karani wa mahakama, apate namba ya kesi na siku ya kusikilizwa. Wala asiogope lugha: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Tena, Tunduma ni mji wa mpakani. Watu huhama, huvuka kwenda Nakonde, hubadili namba za simu. Anayehama na amwarifu mpelelezi na mwenyekiti wa mtaa wake, ili wito wa mahakama usimkose.

Nanyi mjuao kusoma, wasindikizeni wasiojua. Kuuliza si ujinga.