Mgeni njoo, mwenyeji apone: tufungue mashamba yetu

Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wanachama na wageni, katika harambee ya mwaka ya chama chetu cha maendeleo cha watu wa Lushoto waishio Dar es Salaam

  

Kila mwaka Kamati ya Fedha ikisimama hapa, watu hujua kinachofuata: mapato, matumizi, salio, halafu bakuli linapita. Hesabu za mwaka mnazo kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, na wakaguzi wameshazipitia. Leo tunaomba tutumie dakika zetu kwa jambo moja jipya. Tunapendekeza chama chetu kiandae, mwishoni mwa Desemba, wengi wetu tunapokuwa nyumbani, siku moja ambayo wakulima wanne wa kwetu watafungua mashamba yao kwa yeyote anayetaka kuja kuona. Tumeiita Siku ya Shamba Wazi.

Wapo watakaouliza: shamba la nani limefungwa? Kwetu hakuna geti wala seng'enge. Ni kweli. Lakini tujiulize sisi tuliomo ukumbini. Kabichi, karoti, hoho na viazi vya Lushoto tunavinunua Kariakoo na Ilala, tena tunajivuna kumwambia muuzaji kwamba hivi vimetoka kwetu. Wangapi kati yetu wanaweza kumweleza mtoto karoti inakaa siku ngapi ardhini? Wangapi wanajua mkulima alilipwa kiasi gani kwa gunia lile? Watoto wetu waliozaliwa Temeke na Kinondoni wanajua shamba la babu kama mahali pa kupigia picha. Kesho ndio warithi. Mtu hawezi kukitunza asichokijua, na ardhi ambayo warithi wake hawaijui ndiyo huuzwa haraka, tena kwa bei ya haraka. Hapo ndipo hofu yetu ilipo, na ndiyo maana tumelileta jambo hili mbele yenu.

Kwa nini Nane Nane haitoshi

Tunaiheshimu Nane Nane. Kila Agosti, mkoa wetu wa Tanga huungana na Morogoro, Pwani na Dar es Salaam katika viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Morogoro, na anayekwenda hurudi na jambo. Lakini kipando cha maonyesho kipo kwenye tambarare, kina maji ya bomba na wataalamu wa kukiangalia kila siku. Shamba la kwetu limeegemea mlima. Mvua moja ya masika inaweza kuuondoa udongo uliotunzwa miaka mingi. Mkulima wa Mtae au wa Malindi akitazama kipando cha Morogoro husema, "Ni kizuri," halafu anabaki na swali lake mfukoni: kwangu, kwenye mteremko ule, itakuwaje?

Jibu la swali hilo lipo kwa jirani yake aliyekwisha kujaribu. Wataalamu wa kilimo wamelijua hili muda mrefu, ndiyo maana kuna shamba darasa. Na nje nako wanafanya. Uingereza, tangu mwaka 2006, taasisi iitwayo LEAF huandaa Jumapili moja ya mwezi Juni ambapo wakulima hufungua mashamba yao ili watu wa mjini waone chakula chao kinatoka wapi. Hatuna haja ya kuiga kila kitu. Wazo la kumpeleka mlaji shambani ndilo tunalolitaka, na kwetu lina uzito zaidi kwa sababu mlaji na mkulima ni ndugu wa ukoo mmoja.

Tuliwahi kufundishwa kwa amri

Wazee waliomo humu wanakumbuka, au walisimuliwa. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukasambazwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima matuta, na asiyelima aliadhibiwa. Udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji. Hilo halikuwa uongo. Lakini amri ilitoka juu, kazi kubwa ikawaangukia kina mama, na wenye mashamba hawakuulizwa chochote. Watu waliupinga mpango ule, na kabla ya Uhuru ukawa umeachwa.

Miaka ya 1980 ulikuja mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani. Huu ulihimiza kupanda majani ya guatemala kwenye kingo za makinga maji, miti shambani, na ng'ombe wa kufugwa bandani. Majani yale yana faida mbili: yanashika udongo, na yanalishwa ng'ombe. Mkulima aliyeona kwa jirani ukingo umesimama na ng'ombe ameshiba hakuhitaji kuhubiriwa.

Wazee wetu wana neno, kuzifya shi, kuiponya nchi. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Na Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunayaunganisha maneno hayo mawili: wageni wakija shambani kwa nia njema, mwenyeji atapona na nchi itapona.

Siku yenyewe itakuwaje

Tumekaa na mabwana shamba wawili na wakulima kadhaa, na tumekubaliana yafuatayo. Mashamba yawe manne, yanayofikika kwa miguu kutoka barabarani, na kila moja lifundishe jambo moja.

Shamba la kwanza ni la udongo na maji. Litachimbwa shimo ili watu waone tabaka la udongo mweusi lilivyo jembamba juu ya ule mwekundu. Kisha maji kiasi kilekile yatamwagwa kwenye sehemu iliyofunikwa kwa majani makavu na kwenye sehemu iliyo wazi. Watoto watayaona wenyewe maji yanayotoka upande wa pili, yapi meupe na yapi yenye tope.

Shamba la pili ni la ng'ombe wa maziwa: banda, majani, samadi, na namna samadi inavyorudi shambani kuwa mboji. Hapa kuna sharti. Wageni watanawa mikono, watakanyaga dawa ya kusafishia viatu mlangoni, na hawataingia ndani ya banda. Ng'ombe mmoja akiugua kwa sababu ya ziara yetu, tutakuwa tumemwibia mwenyeji.

Shamba la tatu ni la mboga na dawa. Mkulima ataonyesha kitalu, umwagiliaji, na jinsi ya kusoma lebo ya dawa: kipimo, nguo za kujikinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo siku za kusubiri zinatuhusu sisi walaji wa Dar es Salaam moja kwa moja. Siku hiyo dawa halisi itafungiwa stoo. Zitatumika chupa tupu zilizosafishwa vizuri na bomba lenye maji.

Shamba la nne tumeliomba sisi, na mtatusamehe kwa kuwa ni watu wa hesabu. Hapa kutakuwa na mizani na daftari.

Mizani na daftari

Tuanze na mizani. Sote tunaijua lumbesa, lile gunia lenye kichwa juu yake. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na kilo 100 ndio mwisho wa gunia la mazao. Lakini shambani, saa kumi na moja jioni, fuso linangoja na mvua inanukia, mwenye haraka ni mkulima.

Tufanye mfano. Tuseme gunia la viazi la kilo 100 bei yake shambani ni shilingi 50,000, yaani shilingi 500 kwa kilo. Likifungwa lumbesa mpaka kilo 130, na bei ikabaki 50,000, mkulima amepata kama shilingi 385 kwa kilo. Kilo 30 zimeondoka bure, na kwa bei ya mwanzo hizo ni shilingi 15,000. Akiuza magunia 20 kwa msimu, ni shilingi 300,000. Hiyo ni sare, madaftari na viatu vya watoto, na mfuko wa mbolea wa msimu unaofuata. Mama anayepalilia shamba lile huziona zile kilo 30 kama kichwa cha gunia tu. Siku hiyo tutalipandisha gunia kwenye mizani mbele ya watu, wasome wenyewe, halafu mkokotoo ufanywe ubaoni na mwanafunzi wa darasa la saba.

Halafu daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachama wetu wahasibu, na humu wapo si haba, watakaa meza moja na mkulima mmoja mmoja kwa dakika kumi na tano. Hakuna kompyuta. Ni daftari la mistari: upande huu fedha iliyotoka, upande ule fedha iliyoingia. Mbegu, mbolea, dawa, vibarua, magunia, ubebaji mpaka barabarani. Na mstari mmoja ambao wengi huusahau: siku za kazi za mwenye shamba mwenyewe na mkewe. Ukiuweka mstari huo, mazao mengine yanayoonekana kulipa hayalipi, na mengine yaliyodharauliwa ndiyo yanayoilisha nyumba. Uamuzi unabaki wa mkulima. Sisi tutamsaidia tu kuiona hesabu yake.

Maswali mliyotuuliza

Kwenye kikao cha wawakilishi wa kata tuliulizwa maswali matatu, na yanastahili majibu mbele ya wote.

La kwanza: kwa nini tusitumie fedha hii kumalizia paa la bweni? Paa lina fungu lake kwenye kijitabu, na halijaguswa hata senti. Bweni likiisha, mzazi atahitaji fedha ya kumpeleka mtoto, na kwa wengi wa kwetu fedha hiyo inatoka shambani.

La pili: je, mkulima hatapoteza, miguu mia kadhaa ikikanyaga matuta yake? Atapoteza kidogo, ndiyo maana kuna fungu la fidia, litakalolipwa kabla ya siku yenyewe. Njia za kupita zitawekewa kamba.

La tatu, aliuliza mama mmoja mkulima, na ndilo lililotukalisha kimya: "Mtakuja siku moja, mpige picha, mrudi Dar. Sisi tunabaki na nini?" Jibu letu ni hili. Mizani zitabaki, moja kwa kila chama cha msingi kati ya viwili vitakavyochaguliwa na wakulima wenyewe. Madaftari yatabaki. Na kila mwanachama atakayekuja ataombwa aandike jina lake kwa mkulima mmoja, awe mtu wa kumpigia simu mara mbili kwa wiki wakati wa mavuno na kumwambia bei ya siku hiyo sokoni. Hiyo haihitaji harambee. Inahitaji muda wa maongezi na uaminifu.

Ombi letu

Makisio ni haya. Mizani mbili pamoja na kuhakikiwa, shilingi 1,600,000. Maandalizi na fidia kwa mashamba manne, 1,200,000. Chakula cha mchana na maji ya kunywa, kitakachopikwa na kina mama wa kijiji kwa malipo, 1,500,000. Usafiri wa wanafunzi na wataalamu, 900,000. Madaftari 400 na kalamu, 800,000. Maturubai, vyoo vya muda na maji ya kunawa, 700,000. Jumla ni shilingi 6,700,000.

Kwa maneno mengine, watu 134 wakitoa shilingi 50,000 kila mmoja, kazi imekwisha. Asiye na 50,000 atoe alichonacho, haba na haba hujaza kibaba. Aliyejaliwa zaidi asione haya kulipia mizani nzima. Michango yote ipite kwenye akaunti ya chama au kwa stakabadhi ya mweka hazina papa hapa. Tafadhali usimpe mtu yeyote mkononi bila stakabadhi, hata akiwa mjumbe wa kamati hii. Ndani ya siku 30 baada ya shughuli, hesabu kamili itabandikwa ofisi ya kijiji na kutumwa kwa kila mwanachama, na kilichobaki kitarudi kwenye mfuko wa bweni.

Mwisho, tunawaomba muwalete watoto. Waje na viatu vya kuchafuka. Wamsikie bibi yao akieleza kwa nini anapanda maharage kando ya mahindi, walibebe tenga la kabichi hatua ishirini tu kuelekea barabarani, na waulize maswali yote wanayotaka. Siku moja shamba lile litakuwa mikononi mwao, nao ndio watakaoamua kulilima au kuliuza. Tunataka waamue wakiwa wanalijua.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba kutoa hoja.