Maneno ya Wazee Katika Jarida la Wataalamu

 Natumaini kila mmoja wenu, wanafunzi wa madarasa ya watu wazima huko Bashay, amekwisha kupata mahali pa kukaa, na daftari iko mbele yake. Mwalimu, tafadhali waache waliochelewa waingie polepole. Somo letu la leo ni refu kidogo.

Tumekwisha kujifunza kuandika barua, na kujaza hati ya posta. Leo twataka kusema juu ya maandishi ya namna nyingine, yaani makala inayopelekwa kwa jarida la wataalamu. Huenda mmoja wenu akauliza, “Jambo hilo lanihusu nini mimi, mkulima wa mahindi na maharage?” Swali ni zuri. Lakuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, makala juu yenu zimekwisha kuandikwa na zitazidi kuandikwa, mpende msipende. Ya pili, wewe unayejua kusoma leo ndiwe unayeweza kukaa karibu na baba yako mzee na kuandika anayoyasema kabla hajatutoka.

Jarida la wataalamu si kama gazeti la habari. Gazeti husomwa leo na kesho hufungia sukari. Jarida la wataalamu hutoka mara moja au mara chache kwa mwaka, huwekwa katika maktaba, na mtu aweza kulifungua baada ya miaka hamsini akitafuta jambo moja tu. Kwa hiyo kosa likichapwa humo hukaa miaka hamsini vile vile.

Huko Ulaya yako majarida yanayoshughulika na maandishi ya kale ya Wayunani na Warumi peke yake. Kazi yao inafanana na kazi tunayoitaka sisi, kwa hiyo tuitazame kidogo. Vitabu vile vya kale viliandikwa kabla ya mashine za kuchapa. Mtu alinakili kwa mkono, na mwingine akanakili kutoka kwake, hata mamia ya miaka yakapita. Kila aliyenakili aliweza kuruka mstari, au kusahihisha neno ambalo halikuwa na kosa. Basi mtaalamu wa leo huweka nakala mbele yake, hulinganisha neno kwa neno, na husema wazi: nakala hii ina neno hili, nakala ile ina neno lile, nami naona la kwanza ndilo la asili kwa sababu hii na hii. Haifichi ile asiyoipenda. Huiandika chini ya ukurasa, ili msomaji asiyekubaliana naye aweze kubishana.

Kwetu pwani iko hazina kama hiyo. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate, una nakala ya mwaka 1728 iliyohifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Watu wanaochunguza tenzi hufanya kazi ile ile ya kulinganisha nakala. Na majarida ya kuchapa uchunguzi wa namna hiyo yamekuwako hapa kwetu tangu zamani. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 na ikawa na jarida lake. Kutoka katika jarida hilo limetokea lile linaloitwa Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1936 lilianza jingine, Tanganyika Notes and Records, lililochapa habari za makabila, za milima, za wanyama na za mambo ya kale.

Sasa turudi milimani kwetu. Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, wana maneno ya kale yaitwayo slufay. Ninyi mnayajua kuliko mimi: ni sala na ni ushairi pamoja, mzee akisema na wenzake wakiitikia. Hakuna nakala ya mwaka 1728. Nakala ni mzee mwenyewe. Akifa, nakala imekwisha.

Tuseme basi kijana wa Bashay, aliyesoma mpaka chuo kikuu au hata aliyeishia darasa hili, anataka kuandika makala juu ya slufay. Aanze wapi?

Asianze na kichwa kama “Mila na Desturi za Wairaqw.” Hicho ni kichwa cha kitabu kizima, na mhariri akikiona hujua kwamba mwandishi hajui anatafuta nini. Achukue swali moja dogo. Kwa mfano, amewasikiliza wazee wawili, mmoja wa Bashay na mmoja wa Kainam, akaona kwamba wanaanza sawa lakini wanamaliza mbali mbali. Kwa nini? Je, mmoja amesahau? Je, kila mmoja alifundishwa na mtu mwingine? Au mmoja alisema penye sherehe, watu wakimwitikia, na mwingine alisema peke yake ndani ya nyumba, polepole, ili kijana apate kuandika? Hilo ni swali la kufaa jarida, na laweza kujibiwa.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo makala nyingi huharibika.

Kijana akishapiga hodi, akasalimu, akaeleza shabaha yake, na amwombe mzee ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kunasa sauti. Amwulize pia kama yako maneno yasiyofaa kuchapwa. Mzee akikataza, yamekatazwa. Kisha aandike katika daftari siku ile ile: jina la mzee, ikiwa ameruhusu litajwe, kijiji, tarehe, nani wengine walikuwapo, maneno yalisemwa penye shughuli gani. Mambo haya huonekana madogo. Lakini ni hayo yanayomwezesha msomaji kupima. Si ajabu kukuta katika makala za wakati wa ukoloni maneno “wazee wanasema,” basi. Wazee gani? Wa wapi? Walisema lini? Leo hatuwezi kuwauliza tena wala kuwashukuru, na wajukuu wao hawajui kwamba babu yao yumo katika kitabu.

Ama kuandika lugha yenyewe, hapo kuna taabu. Herufi za Kiswahili hazitoshi kwa Kiiraqw. Sauti ya mwanzo katika neno slufay si s ikifuatwa na l kama Mzungu anavyosoma. Ni sauti moja, nanyi mnaitoa bila shida. Tena ziko sauti za kooni zinazoandikwa hh, au hata kwa mkwaju mdogo kama huu: /. Mtu akiziacha, maneno mawili tofauti yanakuwa moja. Asibuni maandishi yake mwenyewe. Maarten Mous, Mholanzi, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, na mwaka 2002 yeye pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Kijana na afuate maandishi ya namna hiyo, na aseme katika makala kwamba ameyafuata.

Katika makala, maneno ya Kiiraqw yatangulie, kisha tafsiri. Wengine huchapa tafsiri peke yake kwa kuwa eti wasomaji hawajui Kiiraqw. Mimi naona hilo ni sawa na kumwuzia mtu ngozi na kumwambia amenunua ng'ombe. Na pale ambapo mzee wa Bashay na mzee wa Kainam wanatofautiana, yaandikwe yote mawili. Kijana asichague lililo tamu na kulitupa jingine, wala asiyaunge kuwa moja ambalo hakuna mzee aliyelisema.

Kisha na asome yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Mhariri hataki kupokea jambo lililochapwa zamani. Robert Thornton alitaja slufay katika kitabu chake juu ya Wairaqw cha mwaka 1980, kwa hiyo mwandishi wa leo hawezi kujifanya wa kwanza. Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya ardhi ya Wairaqw katika jarida la historia ya Afrika mwaka 1999, na tena mwaka 2007, katika jarida jingine, juu ya Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976 upande wa mashariki wa nchi ya Wairaqw. Alitumia maelezo ya mdomo ya watu wa huko pamoja na hati za serikali. Huo ndio mfano mwema wa kuonyesha kwamba neno la mkulima laweza kusimama katika jarida kubwa kando ya barua ya bwana shauri.

Makala ikiisha, hutangulizwa na ikisiri, yaani habari nzima kwa ufupi, aya moja tu: swali ni nini, nimelichunguza vipi, nimeona nini. Andikeni neno hilo, ikisiri. Baada yake ni makala yenyewe, na mwisho orodha ya vitabu vilivyotumika. Kila jarida lina kanuni zake za urefu na za namna ya kutaja vitabu. Zisomwe kwanza. Wahariri wengi hurudisha makala bila kuisoma kwa sababu kanuni hizo hazikufuatwa, na sioni kwamba wana makosa.

Siku hizi makala hupelekwa kwa intaneti au kwa barua pepe. Ipelekwe kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kuipeleka kwa mawili ni kama kupokea mahari ya nyumba mbili kwa binti mmoja. Jina la mwandishi mara nyingi huondolewa, kwa maana mhariri ataipeleka kwa wataalamu wawili hivi waipime bila kujua ni ya nani, na mwandishi naye hatawajua. Kungoja kwaweza kuchukua miezi mingi. Jibu likija, ni nadra kusema “ndiyo” moja kwa moja. Kwa kawaida huja na maswali. Mmoja atasema, “Wazee wawili ni wachache.” Mwandishi asikasirike. Ama atafute mzee wa tatu, ama aeleze kwa heshima kwa nini wawili watosha kwa swali lake. Ajibu kila neno, hata lile analolikataa.

Tahadhari moja. Wako walaghai wanaojiita majarida. Huandika barua ya sifa nyingi, huahidi kuchapa kwa siku tatu, na hudai fedha. Yako majarida ya kweli yanayotoza gharama, lakini hayaachi kupima makala, wala hayaahidi siku tatu. Mwandishi na awaulize walimu wa chuo au mkutubi kabla ya kutoa hata senti moja.

Sasa neno kwenu mtakaobaki nyumbani. Akija mtafiti kutoka nchi za nje, mna haki ya kumwomba awaonyeshe kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Akija mtoto wenu wenyewe, mwulizeni vile vile maneno haya yatakwenda wapi. Kabla makala haijapelekwa, mwambieni aje awasomee aliyoyaandika, Kiiraqw na tafsiri, mbele ya mzee aliyesema. Mzee atasikia kosa ambalo mhariri wa Dar es Salaam au wa London hawezi kulisikia. Na ikichapwa, nakala moja iletwe Bashay, iwekwe shuleni.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo ni hii. Kila kikundi kimchague mzee mmoja. Mwombeni ruhusa, kisha andikeni mistari mitano tu ya maneno yake kwa Kiiraqw, au kwa Kidatoga kwa wale wa upande wa Hanang. Chini yake andikeni jina lake, kijiji, tarehe na waliokuwapo. Halafu msomeeni. Akisema “Sivyo nilivyosema,” msifute. Kateni mstari mmoja juu ya neno la kwanza ili lisomeke bado, na jipya mliandike juu yake. Mwalimu atakusanya daftari siku ya somo. Kwa herini.