Tupa Hairudishi



Nilipokuwa fundi chuma Korogwe, mwindaji mmoja wa Handeni aliniletea bunduki ya Mauser. Risasi alizojaza baruti mwenyewe zilizidi kasha la bunduki, lenye milimita 84 hivi. Alitaka nilikate.

Naam, mafundi wa zamani walifanya hivyo ili iingie risasi ya .375 ya mwaka 1912, yenye urefu wa milimita 91. Lakini chuma kinachokatwa mbele ya kasha ndicho kinachotegemeza jino la chini la komeo. Baruti ikiwaka, komeo husukumwa kuelekea usoni mwa mpigaji.

Nilimrudishia, nikamshauri anunue risasi za kiwandani zinazoenea. Aliondoka na hasira zake, na macho yake mawili pia.

Vijana, tupa hupunguza, hairudishi. Pimeni kwanza, ikibidi, koseni fedha.