Mlango wa Kanisa na Kilio cha Wanyonge



Tumekusanyika kujiuliza jambo moja: mnyonge akionewa, mchungaji asimame wapi?

Tukumbuke mwaka wa 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakigoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Mama zetu walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints, nalo likawafungulia mlango. Walikaa humo karibu mwaka mzima, hata wengi wa wana wao wakaachiliwa. Mlango ule ulikuwa mahubiri.

Wengine walikuwa wamekwisha kulipa gharama. Askofu Alexander Muge alionywa hadharani na waziri asikanyage Busia. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirejea.

Lakini tusijivunie ujasiri wa waliotutangulia huku sisi tumenyamaza. Mhubiri aliyepokea bahasha ya mwanasiasa Jumapili, atamkemeaje Jumatatu? Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais. Hivyo ndivyo mimbari inavyolinda uhuru wake.

Basi twawasihi wachungaji na wazee wa kanisa: hesabu za kila harambee zisomwe mbele ya waumini, na mlango usifungwe aliyeonewa anapobisha.

Mungu aibariki Kenya.