Kompyuta ikihema, tusikimbilie dukani

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya joto. Si joto la siasa, wala hili la Februari ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua bila kuambiwa. Nazungumzia joto lililo ndani ya kompyuta, hasa katika kile kibao kinachochora picha kwenye skrini, kiitwacho kadi ya grafiki. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vijana wacheza gemu. Si kweli. Siku hizi kadi hiyo ndiyo jembe la watu wengi mjini: anayehariri video za harusi, anayechora ramani za nyumba, anayetengeneza matangazo ya biashara. Na jembe likivunjika, shamba hulala.

Naanza na kisa. Kijana mmoja ninayemfahamu ana chumba kidogo cha kuhariri video, ukuta kwa ukuta na mafundi cherehani. Alhamisi moja alikuwa na harusi mbili za kukabidhi Jumamosi. Kompyuta ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Picha zikawa zinakwama, kisha skrini ikawa nyeusi. Akaizima na kuiwasha upya. Baada ya dakika kumi ikarudia yale yale. Fundi wa kwanza hakufungua hata kasha. Alisikiliza mlio, akatikisa kichwa, akasema: "Kadi imekwisha hiyo. Tafuta laki nne ununue nyingine." Laki nne kijana hakuwa nayo, na malipo ya harusi zile ndiyo yaliyokuwa kodi ya chumba.

Fundi wa pili, mzee aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio, alifanya jambo dogo tu: aliomba bisibisi. Alipoitoa kadi na kufungua feni yake, akakuta vumbi lililochanganyika na nyuzi za vitambaa kutoka kwa majirani, limeshikana kama kipande cha blanketi. Kadi haikufa. Ilikuwa imezibwa pumzi.

Ndugu msikilizaji, tuelewe kwanza joto hili linatoka wapi. Umeme unaoingia kwenye kadi, karibu wote, mwisho wake hugeuka kuwa joto. Kadi ya GeForce GTX 1060, iliyotoka mwaka 2016, imepangiwa wati 120. RTX 4090 ya mwaka 2022 imepangiwa wati 450, yaani karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Joto hilo huzaliwa katika kipande cha silikoni ambacho kwenye ile GTX 1060 ni kidogo kuliko stempu ya barua. Kutoka hapo hupita kwenye pesti laini iliyopakwa juu yake, likaingia kwenye bamba la chuma na mapezi ya alumini, kisha feni ikalipuliza nje. Ni mpango ule ule wa rejeta ya gari. Njia ikiziba popote pale, joto hurudi nyuma.

Kadi nayo hujitetea. Kwa GTX 1060, Nvidia imeweka kikomo cha digrii 94 za Sentigredi. Kabla ya kufika huko, kadi huanza kupunguza kasi yake yenyewe ili ipoe, isipopoa, hujizima. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikimaliza kazi kwa saa moja na sasa inachukua saa mbili, huenda haijazeeka. Huenda inalia joto.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulizingatia. Feni haitengenezi baridi. Inapuliza hewa ile ile ya chumbani. Kadi inayofika digrii 70 katika chumba chenye digrii 23 itafika kama 80 katika chumba chenye digrii 33, kwa kazi ile ile na feni ile ile. Anayesoma ushauri ulioandikwa na mtu wa Ulaya wakati wa baridi, na ajumlishe tofauti hiyo kabla ya kushtuka au kujipongeza.

Sasa tufanye nini? Hatua ya kwanza ni kupima. Daktari hatoi dawa kabla ya kuweka kipimajoto. Kwenye Windows 10, tangu toleo la mwaka 2020, na kwenye Windows 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua ukurasa wa utendaji, uchague GPU, na joto la kadi utaliona bila kununua programu yoyote. Liandike mashine ikiwa imetulia, kisha liandike ikiwa kazini kwa nusu saa. Kazini ikiwa chini ya digrii 80, lala usingizi. Ikipita 85 na kuendelea kupanda, fungua kasha.

Hatua ya pili ni kusafisha, na hapa ndipo wengi wetu tutakapopona. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ipeleke barazani. Tumia brashi laini kavu au kipulizio cha vumbi. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo mkali unaweza kuyazungusha kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Usitumie maji wala kitambaa chenye unyevu.

Hatua ya tatu ni kuangalia mashine imekaa wapi. Wengi tunaisukuma hadi ukutani, tunaifunika kitambaa cha kufuma ili ipendeze, au tunaifungia ndani ya kabati la meza. Hewa itaingilia wapi? Kipo kipimo rahisi: ondoa ubavu wa kasha, fanya kazi ile ile, utazame joto. Likishuka sana, kwa mfano digrii saba au kumi, basi tatizo kubwa ni kasha kukosa hewa, si kadi. Hakikisha feni ya mbele inavuta hewa ndani na ya nyuma inaitoa nje. Lakini usifanye ubavu wazi kuwa desturi, kwa sababu vumbi litakushukuru.

Hatua ya nne ni kuipunguzia kadi mzigo usio na faida. Gemu nyingi huchora picha 150 au 200 kwa sekunde, hali skrini yenyewe inaonyesha 60 tu. Zilizobaki ni joto la bure, kwa hiyo weka kikomo. Kwa kazi za video, programu kama MSI Afterburner, ambayo hufanya kazi hata na kadi za watengenezaji wengine, hukuwezesha kushusha umeme wa kadi, tuseme hadi asilimia 80. Mara nyingi kasi inayopotea ni ndogo kuliko umeme uliookolewa. Ndani ya programu hiyo unaweza pia kuiamuru feni ianze mbio mapema. Kelele itaongezeka kidogo, lakini kadi itapoa.

Hatua ya tano, na iwe ya mwisho, ni kubadili pesti. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kazi hii inahitaji mkono uliotulia: kufuta pesti ya zamani kwa spiriti safi, kuweka tone dogo la mpya, na kukaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Kama kadi bado ina garantii, uliza kwanza.

Nawaonya pia juu ya mambo mawili. Wapo wanaooka kadi kwenye jiko la mikate ili ifufuke. Ikifufuka, kwa kawaida haichukui muda kufa tena, na mvuke wake umebaki katika jiko unalopikia watoto. Na wapo wanaoweka chupa za barafu karibu na kadi. Kwa unyevu wa pwani yetu, maji yatajikusanya juu ya chuma baridi na kudondokea kwenye saketi. Hapo hakuna fundi wa kumlaumu.

Na wewe unayetaka kununua kadi iliyotumika, kumbuka Septemba 2022. Mwezi huo mtandao wa fedha za kidijiti wa Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki kuchimba sarafu zake, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Lakini kabla hujatoa pesa, omba iwashwe, ipewe kazi kwa nusu saa, na usome joto kwa macho yako. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Yule kijana? Mzee alimtoza elfu kumi na tano. Joto la kadi kazini lilishuka kutoka digrii 91 hadi 76, na harusi zote mbili zilikabidhiwa Jumamosi. Sasa amefunga wavu mbele ya kasha, na kila mwanzo wa mwezi huitoa mashine barazani.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu si cha kompyuta peke yake. Tumezoea kuambiwa "imekufa, nunua nyingine", nasi tunaingiza mkono mfukoni bila hata kusema "hebu fungua tuone". Fundi asiyefungua ni mpiga ramli. Na mwenye mali asiyetunza asimlaumu fundi. Wahenga walituambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kadi ya grafiki mambo ni kinyume kidogo: ukiacha tundu lizibe, utanunua kompyuta.

Ndugu msikilizaji, leo jioni izime mashine yako, ivute mbali na ukuta, uiondolee kile kitambaa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.