Kampuni ni Mtu Mbali

Wengi huniuliza, kijana asomaye sheria za biashara katika Chuo Kikuu hujifunza nini? Hujifunza, pamoja na mengine, kesi ya mshona viatu wa London, Aron Salomon.

Mwaka 1892 mtu huyu aliiuzia kampuni kazi yake ya viatu. Hisa zilikuwa 20,007: yeye alishika 20,001, na mkewe na watoto watano kila mmoja hisa moja. Tena kampuni ilimwandikia deni la pauni 10,000, kwa rehani ya mali yake yote. Biashara ikaanguka. Ikadaiwa mahakamani kwamba kampuni ndiyo Salomon, basi na alipe. Lakini mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ni mtu mbali, na deni ni lake. Waliokopesha bila rehani hawakupata kitu.

Mwanafunzi hukasirika kwanza (nami nilikasirika), kisha huanza kuikagua kila hati: aliyetia sahihi ni mwenyewe, au ni kampuni yake? Mkulima akopeshaye magunia yake ya kahawa naye aulize vivyo hivyo, kabla magunia hayajapakiwa.