Nani Amepandisha Bei? Msamiati wa Ughali na Majivuno katika Kiswahili



Mhadhara huu umechokozwa na dai nililolisikia katika semina, kutoka kwa mwenzangu ninayemheshimu. Aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya bei isiyo na kiasi: *exorbitant*, *extortionate*, *inflated*, *steep*. Kando yake akapanga ya mtu mwenye makuu: *pompous*, *haughty*, *arrogant*, *conceited*. Upande wa Kiswahili akaandika mawili tu, *ghali* na *kiburi*, akakumbusha kwamba hata hayo tumeyatoa Uarabuni. Lugha yetu, akasema, haina cha kupimia ughali wala majivuno.

Nianze na hoja ya ukopaji, maana ndiyo dhaifu zaidi. *Exorbitant* ni Kilatini, la kitu kilichoacha njia ya gurudumu. *Inflated* ni Kilatini pia, la kupuliza hewa. *Pompous* asili yake ni neno la Kigiriki la maandamano, nalo *haughty* ni Kifaransa. Katika manane yale, ni *steep* peke yake lililorithiwa kutoka Kiingereza cha kale. Kama kukopa ni umaskini, Kiingereza ndicho kilichofilisika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mwenzangu alitafuta vivumishi. Uchache wa vivumishi halisi vya Kiswahili tunaujua sote, sitaurudia. Lugha hii huhukumu kwa vitenzi.

Hapa naomba nikae kidogo na kitabu nikipendacho kuliko vyote: kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan. Johnson hakuyatawanya maneno. Vitenzi vilivyonyambuliwa aliviweka chini ya shina lake, kama watoto mbele ya mzazi wao. Kamusi hiyo ndiyo iliyonifunza kutafuta ukoo kabla ya neno. Tazama ukoo wa *kukwea*: mfanyabiashara *hukweza* bei, mwenye makuu *hujikweza*. Shina moja linatosha pande zote mbili za ubao ule. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walilitegemea katika Luka 14, kwenye habari ya wageni wanaokimbilia viti vya mbele karamuni.

Ongeza kiambishi *-ji-* uone: kujigamba, kujitapa, kujishaua, kujiona. Hivi havilingani. Anayejigamba hutumia ulimi; anayejishaua hutumia mwendo na mapambo; anayejiona aweza kunyamaza kimya, na bado ukamjua.

Nilikuwa Kikopey, pale wasafiri wa Nairobi na Nakuru wanaposhuka kula nyama choma, abiria mmoja alipotajiwa bei ya kilo ya mbuzi. Hakuhangaika na vivumishi. "Mnatukamua," alisema. Muuzaji hakumjali, naye abiria akamgeukia mwenzake: "Huyu naye anajiskia." Sentensi mbili fupi, na mtendaji yumo katika zote mbili.

Haki nayo isemwe. Kiingereza kina vitenzi vyake, *overcharge* na *boast*. Nasi tuna "bei imepanda", kauli tunayoisikia Kenya mafuta yanapotangaziwa bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Pengine ni sahihi, kwa kuwa soko la dunia halina uso. Lakini sema "imepandishwa", na papo hapo msikilizaji atauliza: na nani? Kwa hiyo nashikilia nililolishikilia tangu nianze kufundisha: sarufi ya Kiswahili humweka mtendaji karibu na kitendo chake.

Ushahidi mkubwa ni *kulangua*. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi Tanzania, *mlanguzi* lilikuwa neno la kila baraza, na aliyeficha bidhaa ili auze kwa bei ya kuumiza alijua anatajwa yeye. Kenya tumelihamishia neno hilo kwenye dawa za kulevya na biashara ya binadamu, tukaiacha bei bila mshtakiwa.

Nawasihi basi, walimu na waandishi wa habari: lirudisheni *kulangua* sokoni. Mwanafunzi akiandika "bei ni ghali mno", mwulizeni ni nani aliyeikweza, na mtakeni aandike jibu lake kwa kitenzi.